Mwaka mmoja wa Kijapani Kanazawa: nyota nne kati ya tano

Tangu nirudi Mombasa Agosti 2024, haipiti wiki bila kijana wa Kisauni au Likoni kuniuliza kuhusu ufadhili wa serikali ya Japani, ule wa kusoma lugha na utamaduni wao kwa mwaka mmoja. Nimeona niandike mara moja, kila mwenye haja asome.

Kwanza ujue ni ufadhili gani. Huu si ule wa kusomea shahada nzima. Ni wa mtu aliye tayari chuoni, shahada ya kwanza, katika fani inayohusu lugha au utamaduni wa Kijapani. Unapelekwa chuo kimoja cha kule kwa mwaka, mimi nikapelekwa mji wa Kanazawa, mkoa wa Ishikawa, kisha unarudi kumalizia kwenu. Mtihani na mahojiano nilifanyia ubalozini Nairobi, Upper Hill. Nilipanda treni ya usiku Miritini nikiwa na mkoba mmoja na kamusi. Tiketi ya ndege walilipa wao. Posho ilikuwa yeni 117,000 kwa mwezi, na wakati ule yeni moja ilikaribiana na shilingi moja, kwa hivyo hesabu mwajionea wenyewe. Nilitoa kodi ya bweni, nikalipa bima ya afya, ambayo ukiugua hukuachia asilimia 30 tu ya gharama, na bado nikamtumia mama kidogo. Siri ni kupika mwenyewe.

Kijapani chenyewe nilianza kukisikia nikiwa mdogo. Mjomba wangu hutoa magari bandarini, na kila akiwasha Probox, kuna sauti ya mwanamke ikisema maneno yale yale. Nilipoyaelewa nilikuwa mtu mzima: gari linakukumbusha kuwa hujaingiza kadi ya kulipia barabara kuu. Lakini nilikuwa nimeshayakariri kama wimbo, na walimu wangu wa kule waliniambia sikio langu liko tayari. Irabu zao ni tano kama zetu. Silabi nyingi huishia kwa irabu kama zetu.

Shida yetu ni mkazo. Sisi twauweka silabi ya pili kutoka mwisho, na tukikaza twarefusha. Msimamizi wa bweni letu alikuwa mama wa makamo. Nilitaka kumwita obasan, shangazi, vile ningemwita mama yeyote wa kwetu Majengo. Mdomo ukatoa obaasan, yaani bibi, mama wa mzazi. Alinyamaza kidogo, halafu akanieleza kwa upole kwamba yeye huitwa kwa jina lake la ukoo na san mwishoni. Siku hiyo nilijifunza mambo mawili. Urefu wa irabu hubadilisha neno. Na kule, mtu asiye jamaa yako ukimwita bibi unaweza kuwa umemzeesha, wakati hapa kwetu usipomwita hivyo ndiyo umemkosea. Hakuna kitabu kilichonifunza hilo.

Walimu wa lugha nawapa alama zote. Somo la lugha ya heshima walilifundisha kwa subira ya ajabu: neno kula tu lina taberu ya kawaida, meshiagaru kwa unayemheshimu, na itadaku unapojishusha wewe. Aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba haulizi kwa nini, anauliza tu lini. Kanji, yale maandishi yao yenye asili ya Kichina, nilikwenda na kama 500, nikarudi na 1,200 hivi. Rasmi za matumizi ya kawaida ziko 2,136, kwa hivyo safari bado.

Utamaduni tulisomea kwa kutenda. Kanazawa ni mji wa chai ya sherehe na wa dhahabu inayofuliwa ikawa karatasi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Tulipiga magoti kwenye mkeka hadi miguu ikafa ganzi. Kitamu huliwa kwanza, kikaisha, ndipo chai chungu ikaja. Bakuli walizungusha kwa mkono, ili midomo isiguse upande wake wa mbele. Bustani ya Kenrokuen mwezi wa Novemba hufungiwa misonobari kwa kamba kutoka juu, kama mwavuli, matawi yasivunjwe na theluji. Nilisimama pale nusu saa.

Sasa nyota ya tano, ile niliyowanyima. Wageni wote tuliwekwa bweni moja, Kiingereza asubuhi hadi usiku. Na mafunzo ya kujikinga na tetemeko tulipewa alasiri moja ya Oktoba, kwa Kiingereza hicho hicho.

Tarehe 1 Januari 2024, saa kumi na dakika kumi jioni, nilikuwa jikoni na wali wa nazi ya kopo. Simu zote zikalia mlio ambao sijausahau, kisha jengo likaanza kwenda. Lilikwenda muda mrefu. Nilizima moto, nikaingia chini ya meza, nikasoma shahada. Tulipokusanyika sebuleni, televisheni ilikuwa NHK, shirika la utangazaji la umma la kule. Mtangazaji, mtu wa lugha ya adabu siku zote, alikuwa anapaza sauti: kimbieni sasa hivi. Na kwenye skrini, maandishi makubwa ya kana, herufi zao rahisi za sauti: tsunami, kimbieni. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasoma.

Ilikuwa makusudi. Baada ya tetemeko la Kobe la 1995, ambapo wageni wengi hawakuelewa maonyo, wataalamu wa lugha walianza kutunga Kijapani chepesi, cha sentensi fupi na maneno ya kila siku. Sisi, wanafunzi wa lugha, tulikuwa hatujafundishwa hata neno hinan, kukimbilia mahali salama, wala yoshin, mitetemo inayofuata. Aliyetufundisha ni yule msimamizi, aliyefika kwa miguu kwenye baridi, akatuhesabu mmoja mmoja, akasema maneno mafupi mafupi hadi kila mtu akaelewa. Kwetu vilivunjika vyombo tu. Rasi ya Noto, kaskazini mwa mkoa huo huo, watu wengi walipoteza maisha.

Chuo nilikiandikia hilo kwenye fomu ya maoni, na nalirudia hapa: maneno ya kuokoa maisha yafundishwe wiki ya kwanza, kwa Kijapani. Ripoti yangu ya mwisho niliiandika juu ya lugha ya maonyo, nikiilinganisha na matangazo ya kivuko cha Likoni.

Kwa Waislamu: msikiti upo Kanazawa. Chakula kina mitego, kwani mirin ni kileo na huingia kwenye michuzi mingi, na dondoo ya nguruwe hujificha hata kwenye biskuti. Jifunze kanji ya nguruwe na ya pombe kabla hujapanda ndege. Onigiri, tonge la wali, ya samaki iliniokoa mara nyingi, lakini nayo soma karatasi yake.

Bebeni hiliki, pilipili manga na nguo nzito. Omba bweni la mchanganyiko, au tafuta klabu ya wenyeji wiki ile ile ya kwanza. Watu wa Kanazawa husema usahau chakula chako lakini usisahau mwavuli. Mwavuli usibebe. Utaununua kule, nami wangu niliununua siku niliyoshuka kwenye treni.