Gemu za kujenga na washkaji: kabla hujalipa, uliza dunia inakaa kwa nani

Malalamiko ninayotumiwa kuhusu hizi gemu za kujenga kwa fizikia, yaani vitu mnavyounda vina uzito, vinaanguka na kugongana kama vya kweli, yanafanana yote: tumejenga kiwanda na washkaji miezi kibao, jamaa aliyekuwa anahosti, yaani mashine yake ndiyo iliyoendesha gemu, kanuna kafuta gemu, dunia, yaani ramani na vyote tulivyojenga, imeenda naye. Sasa hapo mimi nikusaidieje? Grafiksi utaziona kwenye trela, idadi ya wachezaji imeandikwa dukani, huko sipotezi muda. Kitu ambacho watu hawaulizi kabla ya kutoa hela ni hiki tu: faili la dunia liko kwa nani, na huyo mtu akizima mashine inakuwaje?

Anayebisha aikumbuke gemu ya Worlds Adrift ya Bossa Studios. Visiwa vinaelea, meli ya angani unaunda mwenyewe, unajirusha kwa kamba kutoka kisiwa hadi kisiwa, kila kitu kina uzito wake, na ni dunia moja ya wote inayoendelea hata ukiwa umelala. Julai 2019 seva, yaani kompyuta za kampuni zilizoendesha dunia hiyo, zikazimwa, basi, maana dunia yote ilikuwa kwao, wewe huna hata faili moja la kuwasha.

Namba moja kwangu ni Space Engineers, gemu ya kuunda vyombo vya angani, ya Keen Software House, na hawa jamaa wa Prague nawapenda wala sifichi. Programu ya seva wanaitoa bure, unaiweka kwenye kompyuta nyingine ya Windows inabaki inawaka, na dunia ni folda tu unainakili kwenye flashi unaondoka nayo. Chombo ukikigonga kwenye mwamba kinabonyea palepale kilipogonga, ukirundika pistoni na rota kinaanza kutetemeka chenyewe mpaka kinapasuka, wachezaji wanasema Clang, mungu wao wa utani wa mitambo kuharibika, kashuka. Ila kuna namba moja ya kuangalia, kasi ya simulesheni, yaani gemu inakwenda kasi kiasi gani kulinganisha na muda halisi: ikisoma 1.00 mko vizuri, ikishuka 0.6 hivi kila kitu kinatembea kwa kunyata, na usianze kutukana intaneti yako, hapo ni prosesa ya seva imeelemewa na mavyuma yenu.

Ya pili Valheim, gemu ya Waviking ya kujenga na kunusurika. Mwisho watu 10 na dunia nzima ni mafaili mawili, la .db na la .fwl, nakili yote mawili maana moja peke yake halikufikishi popote. Mhusika wako anakaa kwenye faili lake pembeni, kwa hiyo hata mkigombana unahama naye na vitu alivyobeba. Fizikia yake si ya mitambo, lakini ukikata mti unaangukia mwenzake, na huo unaweza kukuua, halafu paa lisilo na nguzo chini linaporomoka bila huruma.

Scrap Mechanic naiweka ya tatu kwa uchungu. Kwa kuunda magari ya ajabuajabu ni tamu kuliko zote hapa, ila tangu 2016 inauzwa ikiwa bado haijakamilika, na dunia iko kwa mwenye kuhosti, akitoka yeye wote mmetoka. Rust ni ya wapenda vita, na Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi dunia inafutwa kwa lazima, kama ulikuwa na mpango wa kuachia wajukuu kasri lako pole.

Za bei chee: Garry's Mod, Unturned ambayo ni bure kabisa. Jaribuni.

Sasa wauzaji. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inakurudishia hela ukiomba ndani ya siku 14 na umecheza chini ya saa 2, sawa, lakini jamani saa 2 kwenye gemu kama hizi unakuwa bado unatafuta kitufe cha kugeuza bloku, hili tatizo la dunia utalijua lini? Na tangu 2024 wanaandika kabisa pale pa kulipia kwamba unachonunua ni leseni. Angalau wanasema. Walionikera ni wa kukodisha seva, wanakutoza kwa kila nafasi ya mchezaji, nafasi zenyewe nusu hazina mtu, na siku nataka kuondoka na dunia yangu naambiwa nakala ya akiba ni kifurushi kingine cha kulipia. Yaani faili nililojenga mimi! Kabla hujamlipa yeyote mwambie akuonyeshe kitufe cha kupakua dunia kilipo, akianza hadithi funga ukurasa.