Matairi makuukuu: ada ya serikali au wajibu wa mtengenezaji?

Tairi lililotupwa uani likinyeshewa hubaki na maji ndani hata ukilipindua, na baada ya siku chache viluwiluwi vya mbu vinachezacheza humo. Likishika moto ndiyo balaa: mwaka 1990 rundo la Hagersville, Kanada, liliwaka siku 17.

Majimbo mengi ya Marekani hutoza ada kwa kila tairi jipya linapouzwa. Ni njia rahisi kuanzisha, ila pesa ikishaingia hazina huweza kuvutwa kwenye matumizi mengine, huku marundo yakibaki palepale.

Ufaransa, kwa amri ya 2002, ilimbana mtengenezaji na mwagizaji: kiasi unachoingiza sokoni ndicho unachopaswa kukusanya. Mnunuzi bado analipa, lakini yupo wa kuulizwa.

Mimi naegemea hii ya pili, mradi wakaguzi wahesabu kweli. Tena kukusanya si kurejeleza: tairi lililochomwa kwenye tanuru la saruji halirudi kuwa mpira, kwa hiyo sheria iseme waziwazi kiasi gani kisagwe. Umoja wa Ulaya ulikataza kufukia matairi mazima mwaka 2003, na vipande vyake 2006. Bila katazo hilo, njia zote mbili hulegea.