Dar hadi Tunduma kwa basi: kaa upande wa dereva

Nimesafiri wiki iliyopita, basi la saa 12 alfajiri kutoka Mbezi Luis. Ni zaidi ya kilomita 900 za barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, na ushauri wangu wa kwanza ni siti: dirishani, upande wa dereva. Lami inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na tambarare ya Mkata iko upande huo. Nimeona twiga na tembo bila kulipa kiingilio. (Kuanzia Iringa jua la jioni linakuchoma upande huohuo. Beba kanga.)

Mpaka Morogoro sina cha kusimulia. Mizani, matuta, tochi za trafiki.

Ruaha Mbuyuni tulishuka kuchimba dawa, nikanunua vitunguu. Baada ya hapo ndipo Kitonga, mlima wenye kona kali. Semi ilikuwa imekufa kwenye kona, foleni ikaganda juu na chini, tukakaa saa tatu. Utingo wa lori la mbele yetu alisimama muda wote na jiwe mkononi, tayari kulisukumia chini ya tairi. Konda wetu alizima simu ili tusimuulize kitu.

Mzee niliyekaa naye akasema enzi zake ilikuwa kulala porini. Nilimwamini. Waziri mkuu Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) Novemba 1965, Zambia, iliyokuwa ikipitishia mizigo huko, ilihitaji njia nyingine ya mafuta na shaba, malori yakaelekea Dar kwenye vumbi la kiangazi na tope la masika. Madereva waliibatiza njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar hadi Zambia, liliyapunguzia malori shehena ya mafuta mwaka 1968, na lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia, huku Wachina wakijenga TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kuanzia Makambako reli na lami zinaongozana mpaka mpakani kama wake wenza wasiosemeshana. Sikuona treni hata moja. Malori sikuweza kuyahesabu. Mizigo ya Zambia na Kongo imejazana kwenye lami hiihii, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, ndiyo maana gari moja likifa Kitonga, nchi nzima inasimama.

Lami yenyewe ni nzuri, hilo silikatai. Tuliingia Tunduma saa saba usiku. Nitapanda tena, ila safari hii nitalala Iringa.