TAHADHARI: Muuzaji wa mbao za sakafu anayekupimia mpaka ulimi

Mnaotaka kutandika mbao ngumu ndani, someni kwanza kabla hamjatoa hela. Nimeumizwa, tena kwa hesabu ambayo ukiitazama juu juu haina kasoro.

Sebule yangu ina urefu wa mita 5.4 na upana wa mita 4.2, yaani mita za mraba 22.68. Muuzaji alinichangamkia mno (hapo ndipo ningeshtuka), akasema hesabu niwaachie wao, bure. Akaongeza asilimia 10 ya vipande vya kukatwa na kuharibika. Hapo hakukosea, ndivyo wengi wanavyofanya mbao zikilazwa sambamba na ukuta. Zikilazwa mshazari huwekwa 15. Ikafika 24.95. Boksi lina mbao 10, akasema, kila moja urefu mita 1.2 na upana milimita 96, kwa hiyo linafunika mita za mraba 1.15. Maboksi 22, mita 25.34. Nikalipa.

Siku ya pili ya kazi fundi akaniita. "Bosi, mbao zimeisha, ukuta bado." Palibaki ukanda wa kama shibiri moja, kutoka pembe hadi pembe. Mungu anisamehe, nilimshuku yeye. Nikaenda kwenye rundo la vipande vilivyokatwa, nikaanza kuhesabu.

Hakubishana. Akaokota vipande viwili, akapima kimoja kwa tepu: 96, pamoja na ule ulimi unaochomoza pembeni. Kisha akakichomeka kwa mwenzake, ulimi wote ukazama ndani. Akapima sehemu iliyobaki juu: 90.

Milimita 6 unaweza kuziona si kitu, lakini mbao zilikuwa 220. Boksi kumbe linafunika mita 1.08, na maboksi 22 ni 23.76. Nimelipia mita 1.58 za ulimi ambao hakuna mguu utakaoukanyaga. Hesabu ya kweli ni 24.95 gawanya kwa 1.08, unapata 23.1, na kwa kuwa boksi haliuzwi vipande, nilihitaji 24.

Na bei? Kwa mita muuzaji alikuwa chini kidogo ya wenzake, ndiyo maana nilimkimbilia. Nikigawanya nilichotoa kwa mita zilizofika kweli, bei inapanda karibu asilimia 7, na unafuu wote umeyeyuka. Bado sijaweka siku ya ziada ya fundi.

Nikarudi dukani. Mzigo ule umeisha, mzee, kuna huu mpya. Mpya umekoza rangi, bei imepanda. Nikamuuliza habari ya ulimi, akajibu bila kupepesa: "Kiwandani ndivyo wanavyopima." Risiti yangu imeandikwa "maboksi 22" basi, hakuna upana, hakuna mita.

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, yeyote yule, mwambie afungue boksi moja, mziunganishe mbao zote chini palepale, kisha mpime upana unaoonekana juu na kuuzidisha kwa urefu. Akikwambia fundi wako atapima nyumbani, ondoka. Mita za boksi ziandikwe kwenye risiti. Na kama anataja bei kwa futi ya mraba wakati wewe umepima kwa mita, izidishe kwa 10.76 kabla hujaifurahia. Chukua pia akiba ya mzigo huohuo siku hiyohiyo, maana rangi ya mbao hubadilika mzigo hadi mzigo.

Ule ukanda tumeuziba kwa mbao zilizokoza, kochi limesukumwa juu yake. Boksi moja tupu nimelitunza. Jana nilibandua stika ya duka iliyo ubavuni, na chini yake pamechapwa na kiwanda chenyewe: upana 90.