Kununua mashine ya kusikia kwa mzazi: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Kila mtu akiniuliza "nimnunulie mama mashine gani ya kusikia", namuuliza kwanza, amepimwa? Manake hii kitu ni kama miwani, huwezi kuchukua ya jirani ukamvisha mzee ukategemea asome, na ya masikio ukikosea inaweza hata kummalizia usikivu uliobaki, sauti kubwa kupita kiasi nayo inaua sikio.

Kwa hiyo kabla hela haijatoka, mpeleke kwa daktari wa koo, pua na masikio amchungulie. Wengine ni nta tu imejaa ikakauka (na zile pamba za vijiti ndo zinaisukuma ndani zaidi, acheni jamani), ikitolewa anasikia siku hiyo hiyo. Wengine ngoma ya sikio imetoboka kwa usaha wa tangu utotoni, hiyo inatibiwa, saa nyingine kwa upasuaji. Ila kama tatizo liko ndani kabisa kwenye chembe zile zenye vinyweleo zinazopokea sauti, hizo zikifa hazioti tena, na zinauawa na umri, na kelele za miaka mingi, na dawa kama gentamaisini au kanamaisini ile waliyokuwa wanachomwa wagonjwa wa TB sugu. Hapo ndo mashine inahitajika. Na hili naliandika kwa herufi kubwa, MTU AKIAMKA GHAFLA SIKIO MOJA HALISIKII HIYO NI DHARURA, asisubiri ipite yenyewe, kuna dawa za steroidi na zinatakiwa zianze siku za mwanzo mwanzo.

Kipimo chenyewe hakiumi. Anakaa chumba kisicho na kelele, anavaa hedifoni, anasikilizishwa milio kuanzia hezi 250 za besi mpaka 8,000 za juu, anabonyeza kitufe akisikia. Mnapewa karatasi ya odiogramu, yani mchoro wenye mstari unaoonyesha anasikia kiasi gani kwa kila mlio, iombeni mkae nayo. Kwa viwango vya WHO, sauti ndogo kabisa anayoisikia ikiwa chini ya desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ni kawaida, 20 mpaka 35 ni upungufu mdogo, 35 mpaka 50 wa wastani, 50 mpaka 65 wa wastani unaoelekea mkali, 65 mpaka 80 tayari ni mkali, na ukivuka hapo ni mkali sana.

Sasa angalia ule mstari wa kwenye mchoro unaanguka wapi. Wazee wengi wanapoteza sauti za juu kwanza, yani s, f, t, sh, wakati irabu na besi bado wanazipata. Ndo maana mzee anasikia kwamba unaongea ila saa, taa na faa kwake zote zinafanana, alafu familia inaanza kumsema eti anasikia anachotaka, wanampigia kelele, na kelele inaongeza zile irabu ambazo anazisikia vizuri tu, konsonanti bado hazimfikii, mwisho anaamua kukaa kimya kwenye mazungumzo na watu wanadhani ni utu uzima. Inauma sana kuliona hilo. Mashine nzuri inaongeza pale palipopungua tu, panapobaki inaacha, na orodha yangu hii nimeipanga kwa kigezo hicho.

Namba moja, ya nyuma ya sikio yenye moldi (kile kipande kinachoingia tunduni), kwenye boksi inaandikwa BTE. Hii ndo naipendekeza kwa wazazi wengi. Inabeba upungufu kuanzia mdogo mpaka mkali sana, ni kubwa kidogo kwa hiyo vidole vya mzee vinaishika, betri inakaa, na spika yake iko nje haizibwi na nta. Moldi inachongwa kwa umbo la sikio lake, ikilegea itapiga miluzi, hapo inachongwa nyingine mashine ni ile ile. Kwa mtoto pia ni hii hii, kwa sababu sikio linakua.

Namba mbili, RIC, nayo inakaa nyuma ya sikio ila ina kiwaya chembamba na spika inaingia tunduni. Sauti yake ni ya asili zaidi, mtu hajisikii kama anaongelea ndani ya pipa, na kwa anayekosa zile sauti za juu tu ni nzuri mno. Ningeiweka ya kwanza kama sio nta, spika inaziba na vichujio vinatakiwa kubadilishwa mara kwa mara, uliza kabisa kama mjini kwenu vinapatikana.

Namba tatu ni kwa mtu mzima mwenye upungufu mdogo au wa wastani na anatumia iPhone, AirPods Pro 2, zile spika ndogo za masikioni za Apple zisizo na waya. Mamlaka ya dawa ya Marekani FDA iliruhusu zitumike kama kifaa cha kusikia Septemba 2024. Hakikisha kwanza huduma hiyo imefunguliwa nchi uliyopo, na chaji haimalizi siku nzima. Kundi hili naweka pia zile mashine ambazo ndugu walioko Marekani wanawanunulia wazazi, kule tangu Oktoba 2022 zinauzwa bila cheti cha daktari. Ni za miaka 18 kwenda juu, na upungufu ukiwa mkali hazifai.

Namba nne, zile ndogo zinazojificha ndani ya sikio. Watu wanazipenda kwa sababu ya aibu, naelewa kabisa, ila betri yake ni ndogo sana, nta inaziua, zinapotea, na mzee anayetetemeka mikono hataweza.

Ya mwisho kabisa vikuza sauti vya bei chee vya mtaani na mitandaoni. Hivyo vinaongeza kila kitu, feni, bodaboda, sufuria, na yale maneno yanazidi kuzama humo humo. Usinunue.

Kuhusu kampuni, Phonak, Oticon, Signia, Widex, ReSound na Starkey zote zinatengeneza kitu kizuri, na tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti ya iliyosetiwa vizuri na iliyosetiwa hovyo. Kwa hiyo hela ya Bluetooth na mbwembwe nyingine heri iende kwa mtaalamu anayeipanga kwa kufuata odiogramu. Muulize bei ina nini ndani: kipimo, moldi, kurudi kurekebisha mara ngapi, waranti, na kama anakubali mjaribu kwanza. Kama masikio yote mawili yamepungua nunua mbili, ubongo unahitaji yote kujua sauti inatoka wapi. Na kama hata yenye nguvu haisaidii, ulizeni kuhusu kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji, hospitali ya Muhimbili Dar wanafanya tangu 2017.

Betri zinatofautishwa kwa rangi ya stika: njano namba 10, kahawia 312, chungwa 13, bluu 675. Bandua stika, subiri kama dakika moja hewa iingie ndo uiweke. Za kuchaji ni rahisi kwa mzee ila fikiria umeme ukikatika. Walio pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu ndo adui mkubwa, kila usiku fungua mlango wa betri uiweke kwenye kopo lenye mfuniko na vipakiti vya silika.

Wiki za mwanzo atalalamika, kijiko kitamshtua, sauti yake mwenyewe ataiona ngeni. Aanze nyumbani saa chache, aongeze taratibu, na wewe muandikie kila sauti inayomkera na kila mahali anapokosa maneno, mkirudi kwa mtaalamu mna karatasi mkononi ndo atajua apunguze wapi na aongeze wapi.