Eti nitafute mtu anayejua Linux

Naandika haya nikiwa bado na hasira, kwa hivyo atakayeona nimezidisha chumvi anisamehe. Kampuni inayonikodishia seva, yaani kompyuta iliyo mtandaoni saa zote, siitaji jina. Sitaki kesi, na kusema kweli bado sijaamua kama nawachukia.

Mtu wa huduma kwa wateja aliniandikia kwamba seva yangu iko sawa kabisa, kwamba tatizo liko kwenye programu yangu, na kwamba nikishindwa nitafute mtu anayejua Linux, mfumo unaoiendesha seva hiyo, anisaidie. Mimi! Mtu ninayelala na Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na kuamka nayo! Halafu akamalizia kwa kunitakia siku njema.

Kwa wasionijua, ninaendesha chatboti ndogo ya Telegram, programu inayojibu meseji yenyewe, kwa ajili ya wauza samaki hapa Kisumu. Alfajiri mitumbwi ikirudi Dunga, na mingine huko Usenge, akina mama walioko ufuoni wanaiandikia walichonacho: omena karai kadhaa, ngege kiasi fulani, mbuta wapo au hawapo, na bei ya siku hiyo. Mchuuzi wa soko la Kibuye akiwa bado hajatoka kitandani anaandika "omena", anajibiwa papo hapo, na akipenda anaweka oda. Hakuna akili bandia humo wala maajabu. Ni programu ya Python na faili moja ya SQLite ya kuhifadhi data, basi.

Watu huniuliza mbona nisitumie WhatsApp ambako kila mtu yuko. Ni pesa na makaratasi. Kwa Telegram unaongea na BotFather, akaunti yao ya kusajili chatboti, anakupa tokeni, yaani ufunguo wa chatboti yako, umeanza kazi bila kulipa senti. Kwa WhatsApp ya biashara kuna usajili, na kuna meseji utakazolipia. Faida ya samaki haina nafasi ya hayo.

Na laptop ya nyumbani je? Huyo anayeuliza hajawahi kuishi Kisumu. Mvua ya jioni ikianza na radi zake, stima huondoka bila kuaga, na kazi yangu yote iko kati ya saa kumi usiku na saa mbili asubuhi. Ndiyo maana nikakodi seva Ulaya, dola 5 kwa mwezi, nalipa kwa ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Ni kama shilingi 650 hivi. (Mwanzoni mwa 2024, dola ilipopita shilingi 160, hizo hizo 5 zilikuwa zinameza 800. Nani alitupa pole?) Umbali si neno. Meseji ya maandishi haijali kama seva iko Frankfurt au Kondele.

Miezi ya kwanza niliwasifu kwa kila aliyetaka kusikia na hata asiyetaka. Nilipeleka wenzangu kwao, hilo siwezi kulikana.

Kisha ikaja Jumapili fulani, siku ambayo Kibuye hufurika. Simu ikalia kabla jua halijatoka. Ni mama mmoja wa Usenge: "Wewe kijana, hiyo mashine yako imelala? Nimeweka omena tangu saa kumi na moja, hakuna hata mtu mmoja ananiuliza." Nikamwambia pole mama, naangalia sasa hivi.

Nikafungua dashibodi yao, ukurasa wa kuonyesha hali ya seva. Taa ya kijani. Seva inafanya kazi, hakuna shida, jua linawaka mbinguni. Nikaingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiandikia amri kutoka mbali. Naandika herufi moja, nangoja, ndipo inatokea. Naandika ya pili, nangoja tena. Neno lenyewe ni top, amri ya kuonyesha mashine inatumiwaje, herufi tatu tu, na nilizisubiri kama mshahara. Memori: zaidi ya nusu ilikuwa haijaguswa. Hakuna mchakato uliouawa kwa kukosa nafasi. Chatboti yenyewe haikuwa imekufa, maana ingekufa systemd, msimamizi wa programu ndani ya Linux, ingeifufua mara moja. Ilikuwa hai, inakosa pumzi tu.

Halafu nikaiona. Kwenye ule mstari wa prosesa, mwisho kabisa kulia, mahali ambapo wengi hawaangalii, kuna herufi mbili: st. Kazi yangu mwenyewe ilikuwa inatumia asilimia 3. Hiyo st ilisoma 74.

Nieleze, maana hapa ndipo penye ugomvi wote. Seva ya bei hii si mashine yako peke yako. Ni kipande cha mashine mama moja iliyogawanywa kwa wapangaji wengi. Na st ni muda ambao kipande chako kilikuwa tayari kufanya kazi, kikanyimwa prosesa kwa sababu imepewa mwingine. Ni kama plot ya Manyatta yenye bomba moja: jirani akifungulia tangi lake, wewe kwako ni matone. Programu yangu inayotumia asilimia 3 haingeweza kuipandisha namba hiyo hadi 74 peke yake. Inatoka kwa mwenye nyumba.

Nikapiga picha ya skrini, nikaizungushia 74 duara jekundu, nikafungua tiketi, yaani ombi la msaada kwa kampuni. Jibu likaja: seva yako iko sawa. Nikaandika tena, kwa adabu, nikieleza st ni nini, aya nzima. Jibu la pili lilikuwa lile lile la kwanza, neno kwa neno, likiongezewa ule ushauri wa kutafuta mtu anayejua Linux. Kisha akaifunga tiketi. Kuifunga ndiko kuliniua. Mtu akikutukana ukabaki na nafasi ya kumjibu, unaweza kulala. Huyu alitukana akafunga mlango.

Na huku ziwani mambo yanaharibika. Telegram huhifadhi meseji ambazo chatboti haijazichukua hadi saa 24, jambo zuri siku nyingine yoyote. Kufikia katikati ya asubuhi, jirani yangu yule nisiyemjua akashiba. Chatboti ikavuta pumzi, ikachukua foleni yote ya tangu usiku na kuanza kujibu kwa furaha. "Oda yako ya karai mbili imekubaliwa." Karai zipi? Mama wa watu alishauza zamani kwa waliokuwa wamesimama mbele yake. Mchuuzi mmoja wa Kibuye akapokea hiyo meseji, akapanda boda hadi Dunga, akakuta beseni zinaoshwa. Simu alinipigia mimi. Aliyoniambia kwa Kijaluo siyatafsiri hapa.

Aliyelipa nauli ile ya bure si kampuni. Mimi ndiye niliyemrudishia.

Usiku nikafungua tiketi nyingine, safari hii bila adabu. Akajibu mtu tofauti. Hakubishana. Aliandika kwamba anaona mashine mama imeelemewa, akauliza kama naweza kuvumilia seva izimwe kidogo anihamishie kwingine. Nikakubali. Haikufika hata muda wa kuchemsha chai, nikaingia tena, nikaita top: st 0.0. Herufi zinatokea kabla kidole hakijainuka.

Mngedhani nilifurahi. Nilifurahi kidogo, kisha hasira ikarudi mara mbili. Kumbe inawezekana! Kumbe ni suala la kubofya! Yule wa asubuhi alikuwa na kitufe hicho hicho mbele yake, akaona ni rahisi zaidi kuniambia sijui kazi yangu.

Tangu hapo seva haijanisumbua, na lazima niseme hivyo hata kama inaniuma. Kwa bei hiyo hutapata kilicho bora sana. Ukitaka prosesa isiyoshirikiwa na mtu, bei inapanda mara kadhaa, na kwa chatboti ya omena huo ni wazimu. Kushirikiana nimekubali, ndivyo nilivyonunua. Nisichokubali ni kuambiwa hakuna tunayeshirikiana naye.

Mkienda kwao, au kwa yeyote wa bei hii, msiipime seva mchana siku ya kununua pekee, wakati majirani wamelala. Ipimeni saa ambayo kazi yenu iko. st ikicheza kwenye 1 au 2, nyamazeni. Ikikaa juu ya 10, ombeni kuhamishwa, na muombe usiku. Mimi pia sasa nimeweka simu ya zamani yenye Termux, app ya kuendesha programu za Linux kwenye simu, kama akiba, chatboti ile ile ndani yake. Ila isiwashwe kabla ya kuizima ile ya kwenye seva, maana nakala mbili zikivuta meseji kwa tokeni moja, Telegram inarudisha kosa namba 409 na zote mbili zinavurugika. Na oda yoyote iliyokaa kwenye foleni zaidi ya dakika kumi sasa inajibiwa "uliza tena", kwa sababu kila meseji inakuja na saa yake.

Juzi wakanitumia ile fomu yao ya kuuliza nimeridhika kiasi gani. Nikawapa nyota mbili. Nikamkumbuka yule wa usiku, nikaongeza ya tatu, na nilikuwa karibu kuweka ya nne kwa ajili ya bei. Kisha nikashuka chini nikaona jina la aliyeshughulikia tiketi: ni yule yule wa siku njema. Nimebakisha moja, na mwezi ujao nimeshaulipia.