Debian 12 na diski yenye kufuli, nyota nne toka Uyole

Wakuu, nianze na sababu maana najua mtaniuliza kwa nini nimejitesa kupiga Debian 12, mfumo wa Linux badala ya Windows, tena na diski nzima ikafungwa. Mimi ndo katibu wa kikoba chetu, majina ya wanachama na madeni yao yote yako kwenye laptopu, na jirani yangu alipoibiwa yake safarini ndo nikashtuka kwamba pasiwedi ya kuingilia Windows ni pazia tu, mtu anachomoa haddiski anachomeka kwenye mashine nyingine anasoma kila kitu.

Fundi wangu pale Mwanjelwa anapiga Windows fasta, ila hili la kuinkripti, yaani kuivuruga data isisomeke bila pasiwedi, akakataa katakata, eti watu wanasahau pasiwedi halafu wanamrudia na kilio. Nikapiga mwenyewe.

Faili la netinst, lile dogo la kuanzia kupiga Debian, halifiki hata GB 1, nikalichoma kwenye flashi, vilivyobaki inavuta yenyewe mtandaoni so andaa bando. Kwenye kugawa diski unachagua ile ya diski nzima na LVM (mpangilio wa kugawa diski vipande) iliyoinkriptiwa, unaweka pasiwedi, halafu inaanza kuijaza diski takataka ili mtu asijue data yako imekaa wapi. HAPO NDO BALAA. Haddiski yangu ni GB 500 ya zamani, ile ya kuzunguka, asilimia zinatambaa kama lori la mbao linapanda Kitonga. Nimepika, nimekula, nimeosha vyombo, narudi iko 38. Saa tatu usiku umeme huo ukakata, na betri ya hii ThinkPad ni ya kusukuma, ikazima ikiwa 61. Kuanza moja tena!

Awamu ya pili nikaikatisha hiyo hatua, inaruhusu, inakwambia tu ubora wa ulinzi utapungua kidogo, na baada ya hapo mambo yakaenda mteremko mpaka mwisho. Sasa nimelala nikakumbuka kwamba mafaili ya zamani ya kikoba bado yamo humo chini hayajafutwa kiukweli mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, basi wikiendi nikairudia yote usiku kucha kwenye inveta ya shemeji.

Matumizi sasa. Spidi sijaona tofauti, prosesa yangu i5 ina AES ndani, yaani hesabu za kuinkripti inazifanya yenyewe haraka. Kila ukiwasha inadai pasiwedi kwanza, na asubuhi za Juni huku vidole vimekufa ganzi, herufi 27, nakosea mbili ya tatu ndo inafunguka. Ukifunika tu ikalala ufunguo unabaki kwenye RAM (memori ya muda), so ukisafiri zima kabisa. Na hakuna cha "umesahau pasiwedi", ukiisahau imeenda. Mimi nimeongeza ya pili kwa amri ya cryptsetup luksAddKey, iko kwenye bahasha kwa mweka hazina, mama mmoja ambaye hata laptopu hajui kuiwasha, na nakala ya hedi, ile sehemu ya mwanzo wa diski inayotunza funguo, ikiharibika data haifunguki tena, nimeitoa kwa luksHeaderBackup nikaweka kwenye flashi.

Nyota moja nimekata kwa ile 61.